Gari la zamani la Kimarekani: ni ugonjwa au ndiyo tabia yake?

Kijana aliyekuwa akijifunza kazi kwangu alishavunja stadi mbili, yaani bolti zinazoshika gurudumu, kabla sijamfikia. Gari lilikuwa Plymouth Valiant ya mwaka 1965, gurudumu la mbele upande wa dereva. Alikuwa amechomeka bomba la chuma kwenye spana ili aongeze nguvu, na sasa amelisimamia kwa miguu yote miwili.

"Kaka, nati zimeshika kutu. Tuzipashe moto?"

Nikampa tochi, nikamwambia amulike ncha ya stadi ya tatu na aifute grisi. Pale kwenye chuma palikuwa pamegongwa herufi moja: L.

Maana yake uzi wa kushoto. Magari mengi ya Chrysler, Dodge na Plymouth yalitoka kiwandani hivyo hadi karibu mwaka 1970. Upande wa kulia nati ni za kawaida. Upande wa kushoto unafungua kwa kuzungushia kule ambako mkono wako umezoea kukazia. Wahandisi wake walihofia kwamba mzunguko wa gurudumu ungelegeza nati za upande huo, wakageuza uzi. Kwa hiyo dakika kumi zote zile kijana hakuwa anafungua kitu. Alikuwa anakaza, tena kwa uzito wa mwili mzima.

Tangu siku hiyo gari la Kimarekani la zamani likiingia karakana, kabla hatujagusa spana tunaulizana: lilipotoka kiwandani, lilikuwa linafanya hivi hivi? Mara nyingi jibu ni ndiyo, na tunachoita ugonjwa ni tabia. Dalili zifuatazo ndizo zinazonirudia mara kwa mara hapa Marekani, na ukaguzi nimeuanza na ule usiogharimu kitu.

Tukimalizana na hizo nati: usiamini upande, amini stadi. Gari la miaka sitini limepitia mikono mingi, na huenda mtu alishabadili ngoma moja ya breki akaweka stadi za uzi wa kawaida. Unaweza kukuta gurudumu la mbele kushoto ni L na la nyuma si L. Tochi kwanza, bomba la chuma baadaye.

Ufunguo umewashwa, taa za dashibodi zinawaka, stata kimya

Kama ni Buick ya zamani, ya miaka ya 1930 hadi 1960, kanyaga pedali ya mafuta. Basi. Swichi ya stata imefungwa pamoja na kabureta: unawasha ufunguo, unakanyaga mafuta, injini inapigwa. Nimewahi kuona stata nzima imeshushwa chini, imefunguliwa na kusafishwa, na tatizo lilikuwa ni mtu kutoambiwa akanyage.

Ukikanyaga na bado kimya, hapo sasa kuna kazi. Ndani ya swichi ile mna gololi ndogo ya chuma. Injini ikishawaka, mvuto wa hewa wa manifodi (mabomba yanayogawa hewa na mafuta kwenye injini), ambao mafundi tunauita vakyumu, unaivuta gololi itoke njiani ili stata isishike tena kila unapokanyaga. Uchafu na grisi kavu vikiingia, gololi inakwama. Ikikwama nje ya njia, stata haipigi. Ikikwama ndani, ni hatari ya namna nyingine, maana unakanyaga mafuta barabarani na stata inajaribu kuuma meno ya gurudumu la injini inayozunguka. Ukisikia mlio wa kusaga unapoongeza mwendo, zima na ufungue swichi hiyo, usafishe njia yake ya vakyumu.

Kama gari ni la modeli ya 1974, la kampuni yoyote ya Marekani, angalia kiti cha mbele cha abiria. Mwaka huo serikali iliagiza magari mapya yasiwake mpaka waliokaa mbele wafunge mikanda. Chini ya kiti kuna kihisi cha uzito. Mfuko wa viazi ukiuweka pale, gari linauhesabu kuwa abiria asiyefunga mkanda. Tena mpangilio una maana: unakaa kwanza, ndipo unafunga. Aliyeuacha mkanda umefungwa siku zote na kuukalia, gari lilimkatalia vilevile. Madereva walikasirika kiasi kwamba bunge la nchi lilifuta sharti hilo mwezi Oktoba mwaka huohuo, 1974.

Kinachotusumbua leo si mfumo wenyewe bali jinsi watu walivyoukata. Kila mwenye gari na shemeji yake walipitisha waya walipoona panafaa. Kwa hiyo inua zulia chini ya kiti cha dereva kabla hujanunua stata. Ukikuta waya mbili zimesokotwa na kufungwa plasta ya kijivu, umefika. Na kama mfumo bado mzima na umekwama, tafuta kitufe cha dharura chini ya boneti, kilichowekwa ili gari liweze kupigwa mara moja bila kuuliza habari za mikanda.

Kuna pia stata inayopiga kwa uvivu, uh, uh, uh, kama mtu anayeamshwa usiku. Ford hadi modeli ya 1955 zilikuwa za volti 6, na isitoshe, nguzo chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Chevrolet walihamia volti 12 mwaka 1955, Ford mwaka 1956. Fundi aliyezoea magari ya leo anafanya makosa mawili hapo. La kwanza ni kufunga betri kwa mazoea, hasi kwenye bodi. Amita ya dashibodi, geji ya umeme wa betri, itasoma kinyumenyume, na redio ikiwa bado nzima huenda isiwe nzima tena. La pili halionekani haraka: ananunua kebo za betri dukani, zile za volti 12, anafunga, zinakaa vizuri. Volti zikiwa nusu, kazi ileile inadai umeme mara mbili zaidi upite kwenye kebo, na kebo nyembamba inaumeza wote njiani kwa kugeuka joto. Piga stata sekunde chache kisha shika kebo. Ikiwa ya moto, chanzo umekishika mkononi. Weka kebo nene, kwangua kutu pale inapogusa bodi na injini mpaka chuma king'ae, na utashangaa jinsi volti 6 zinavyoweza kuzungusha V8, injini ya silinda nane.

Linawaka vizuri, ukiachia ufunguo linazima

Hii naipenda kwa sababu kila mtu anakimbilia kabureta. Unapiga, injini inanguruma, unaachia ufunguo urudi mahali pake, injini inakata papo hapo. Unarudia, vilevile.

Kwenye magari ya familia ya Chrysler ya miaka ya 1960 na 1970, simama mbele ya boneti iliyofunguliwa uangalie ukuta wa nyuma, ule unaotenga injini na chumba cha dereva. Utaona kipande cheupe cha kauri chenye urefu wa kidole, kimeshikwa kwa skrubu moja. Ni kizuizi cha umeme cha koili, kifaa kinachopandisha volti ili cheche ipatikane. Injini ikiwa inapigwa, umeme unakiruka na kwenda moja kwa moja kwenye koili ili cheche iwe kali. Ukiachia ufunguo, umeme unapita ndani yake ili koili isiungue. Kikikatika, gari lina cheche wakati wa kupiga tu.

Pima kwa mita kikiwa kimechomolewa. Kizima kinasoma omu kidogo sana. Kilichokatika hakisomi njia kabisa. Kuwa cha moto hata kikakuunguza ni kawaida yake, hilo si kosa. Bei yake ni ndogo na wenye magari haya wanaojielewa huweka cha akiba kwenye kisanduku cha dashibodi. Usikiruke kwa waya ukaliacha gari hivyo: litatembea, na baada ya muda utanunua koili na platini (viungo vinavyokata na kuunganisha umeme wa koili).

Kizuizi kikiwa kizima, pima kama umeme unakifikia ufunguo ukiwa umewashwa. Usipofika, shuka kwenye soketi kubwa ya waya inayopenya ukuta huohuo. Magari haya yalipitisha umeme wote wa kuchaji kupitia soketi hiyo hadi amita ya dashibodi na kurudi. Baada ya miaka mingi vipini vinashika ukungu wa kijani, vinapata joto, plastiki inayeyuka. Ichomoe, inuse. Harufu ya plastiki iliyoungua haijifichi.

Waipa zinalala mlimani, taa za mbele zinakonyeza

Dalili mbili, mama mmoja. Hapa nitakaa kidogo.

Injini ya petroli inapovuta hewa kupitia kabureta iliyofungwa nusu, ndani ya manifodi panabaki mvuto. Injini yenye afya ikizunguka taratibu bila mzigo, geji ya vakyumu inasoma kati ya inchi 17 na 21 za zebaki. Wahandisi wa Detroit, jiji la viwanda vya magari, waliona hiyo ni nguvu ya bure, wakaitumia kuendesha karibu kila kitu: waipa, breki, kufuli za milango, hata vifuniko vya taa. Ila nguvu hiyo ina kasoro moja. Ukikanyaga mafuta mpaka chini, kabureta inafunguka yote na mvuto unakwisha.

Ndiyo maana waipa za vakyumu zinachapa kazi ukiwa umesimama kwenye taa za barabarani, na zinakufa pale hasa unapopandisha mlima kwenye mvua nyuma ya lori. Hakuna kilichoharibika. Madereva wa zamani walijua: inua mguu sekunde moja, waipa zifagie mara mbili, kisha kanyaga tena. Baadhi ya magari yalipewa pampu ya mafuta yenye chumba cha pili cha kusaidia vakyumu. Kama lako lina pampu hiyo na bado waipa zinalala kabisa mlimani, chumba hicho kimechoka. Kampuni ya AMC iliendelea na waipa hizi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wenzao wengine walishahamia mota za umeme.

Ila zikiwa nzito hata gari limesimama, hapo kuna ugonjwa. Chomoa mpira unaoingia kwenye mota ya waipa, uzibe kwa kidole gumba. Injini ikitulia na kunguruma vizuri kuliko ilivyokuwa, mota inavuja ndani, muhuri wake umekauka. Isipobadilika, ufuate mpira wenyewe inchi kwa inchi. Mpira wa miaka hamsini unaonekana mzima mpaka uupinde.

Sasa taa. Corvette ya 1968 na zilizofuata za umbo lile hadi 1982 zinainua taa za mbele kwa vakyumu. Dalili inayoletwa ni ileile: taa moja inainuka, nyingine inafuata baadaye kwa kujivuta, au inabaki nusu kama jicho lenye usingizi. Wenye gari hutaka kununua silinda mpya ya upande ule mara moja. Ngoja. Mfumo una tangi la akiba, valvu ya njia moja inayozuia mvuto usirudi kwenye injini, rilei ya kila taa (swichi inayoelekeza mvuto), silinda ya kila taa, swichi, na mita kadhaa za mipira yenye mistari ya rangi ili usichanganye. Uvujaji mmoja popote unaidhoofisha familia nzima, na taa yenye bawaba kavu ndiyo inayoonekana mgonjwa.

Kwa hiyo paka bawaba grisi, inua taa kwa mkono injini ikiwa imezimwa, uone kama zinakwenda kwa wepesi sawa. Kisha uendeshe injini dakika moja, izime, na uwashe taa. Zikiinuka zote, tangi na valvu ya njia moja viko sawa. Zisipoinuka, mvuto umetoroka: badili valvu hiyo kwanza, ni ya bei ndogo. Baada ya hapo chukua pampu ya mkono yenye geji, tenga sehemu moja moja, vuta mpaka inchi 15, usubiri. Sindano ikishuka, umempata. Kama huna pampu, kata kipande cha mpira urefu wa mkono, ncha moja sikioni, nyingine ipitishe juu ya viungo injini ikiwa inawaka. Uvujaji unapiga mluzi mwembamba ambao sikio tupu halisikii kwa kelele za V8.

Na usisahau kifuniko cha waipa. Corvette za 1968 hadi 1972 huzificha waipa chini ya mlango mdogo mbele ya kioo, nao unafunguliwa na vakyumu hiyohiyo. Nimewahi kuhangaika na taa siku nzima na uvujaji ulikuwa kwenye mlango huo, ambao mwenye gari hakuutaja kwa kuwa "ule haufanyi kazi toka zamani, achana nao."

Si kila taa ya kujificha ni ya vakyumu. Dodge Charger ya 1966 na 1967 huzizungusha kwa mota za umeme, hivyo ni fyuzi, rilei na swichi za kikomo. Pampu ya vakyumu haina kazi hapo. Charger ya 1968 ikahamia vakyumu, jina lilelile, dawa nyingine. Cord 810 ya 1936, ambayo ilitangulia wote hao, ina mikono miwili ya kuzungusha, mmoja kila upande wa dashibodi. Taa moja ya Cord ikibaki chini, muulize abiria wako kwa nini hajazungusha.

Gia: honi isiyo honi, na gari linalotoroka

Chrysler na ndugu zake walitumia vitufe vya gia kushoto kwenye dashibodi kuanzia modeli ya 1956 hadi 1964. Anayeliegesha gari la miaka ya mwanzo kwenye mteremko, akabonyeza N (gia huru) na kushuka, atalikimbilia. Magari hayo hayana P, gia ya kuegeshea. Ni handibreki tu inayolizuia, nayo inashika shafti inayotoka kwenye giaboksi, si magurudumu. Ikichelewa kushika, rekebisha bendi yake hapo nyuma ya giaboksi, usipoteze muda kwenye ngoma za nyuma.

Edsel ya 1958, chapa ya Ford, ilikwenda mbali zaidi: vitufe viliwekwa katikati ya usukani, mahali ambapo kila dereva wa Marekani alizoea kupiga honi. Mtu akikuletea malalamiko kwamba anapiga honi na gari linabadili gia, usicheke mbele yake. Chini kuna mota ya umeme inayosukuma gia, imekaa jirani na joto la ekzosi, na haina nguvu ya kutosha kulitoa gari kwenye P likiwa limeegemea uzito wake mlimani. Dawa ni utaratibu: vuta handibreki kwanza, ndipo ubonyeze P. Likishakwama, sukuma gari lirudi kidogo kuelekea juu huku mwenzako anabonyeza.

Corvair: taa nyekundu na mkia unaocheza

Chevrolet Corvair, 1960 hadi 1969, ina injini nyuma na inapozwa kwa hewa. Feni imelala bapa juu ya injini, kwa hiyo mkanda wake unatoka wima, unajipinda, unalala. Taa ya feni na chaji ikiwaka, simama hapohapo, usisubiri kituo cha mafuta. Kwenye gari jingine mkanda ukikatika una dakika kadhaa za maji kuchemka. Hapa hakuna maji. Beba mkanda wa akiba na spana yake. Usiukaze sana, maana mkanda uliokazwa kupita kiasi ndio unaojirusha.

Mkia ukiyumba kwenye kona, chukua geji ya upepo kabla ya jambo lolote. Corvair za mwanzo ziliagizwa na kiwanda zijazwe paundi 15 mbele na 26 nyuma. Kila kituo kinachojaza tairi zote nne sawasawa kinaliharibu gari hilo kwa nia njema.

Limesimama joto la mchana, jioni linawaka lenyewe

Petroli imegeuka mvuke ndani ya bomba karibu na injini, na pampu haiwezi kusukuma mvuke. Lipoe, au loweka kitambaa maji uviringishe kwenye bomba la mafuta. Utaona magari yenye vibanio vya mbao vya kuanikia nguo vimepangwa kwenye bomba hilo. Wazee wanaviamini, mimi nalisogeza bomba mbali na ekzosi.

Petroli inaingilia wapi?

Hili nalo huletwa kama tatizo, mara nyingi kwa simu kutoka kituo cha mafuta. Chevrolet ya 1956: taa ya nyuma kushoto yote inafunguka kama mlango, mdomo wa tangi uko nyuma yake. Ya 1957: pambo la kromu kwenye ukingo wa nyuma wa pezi la kushoto. Cadillac za miaka ya 1940 na sehemu kubwa ya miaka ya 1950: taa ya kushoto inainuka. Mengine mengi, vuta kibao cha namba cha nyuma kuelekea chini.

Na ukiona taa hiyo ya kushoto ya Chevrolet ya 1956 inawaka na kuzima bila mpango, usibadili balbu. Fungua kama unayetaka kujaza mafuta na utazame waya unapopinda kwenye bawaba. Umepindwa kila mara tangi lilipojazwa tangu mwaka 1956.